Kuchelewa si Kuhama Fezi: Namna ya Kupima Mrejesho wa Amplifaya

Amplifaya ya kanisa moja ililetwa kwenye karakana yetu, hatua chache kutoka Luthuli Avenue jijini Nairobi, ikiwa na ugonjwa mmoja: rezista ya omu 10 iliyo karibu na tundu la spika ilikuwa ikiungua kila baada ya muda mfupi, hata wakati ambapo hakuna aliyeimba wala kuhubiri. Transista za kutoa nguvu zilikuwa zimebadilishwa na fundi aliyetutangulia, na bati la kupozea lilikuwa la moto mno ilhali spika ilikuwa kimya kabisa. Kijana ninayemfundisha kazi aliitazama bodi, akaona waya wa mrejesho, yaani ule unaorudisha sehemu ya ishara inayotoka hadi mwanzoni mwa amplifaya ili kosa lisahihishwe, umezungushwa mbali, akaniambia, “Fundi, mrejesho unachelewa kufika. Tuufupishe huu waya.” Tuliufupisha. Rezista nyingine ikaungua.

Maelezo ya kijana yule ndiyo yanayosikika katika karakana nyingi. Husemwa kwamba ishara huingia, husafiri ndani ya amplifaya, hutoka, kisha hurudi nyuma kusahihisha kosa ambalo tayari limekwisha kupita, na kwa hiyo mrejesho hauwezi kamwe kuiwahi sauti. Maelezo hayo yanakubalika haraka kwa sababu yanafanana na mambo tunayoyaona kila siku, lakini yanachanganya vitu viwili vilivyo mbalimbali, na fundi anayevichanganya hutibu ugonjwa usiokuwepo. Kuchelewa ni kule kungoja: ishara inaingia, na kwa muda fulani upande wa pili hapatokei kitu chochote. Kuhama kwa fezi ni jambo la wimbi linalojirudiarudia: kilele cha wimbi linalotoka hakilingani na kilele cha wimbi linaloingia, ingawa saketi haikungoja hata kidogo. Mchelewo wa kweli huleta mhamo wa fezi daima, ila mhamo wa fezi hauthibitishi kwamba kuna mchelewo.

Hatua zifuatazo zinahitaji osiloskopu ya chaneli mbili yenye probu za mara 10, jenereta ya mawimbi inayofika megahezi 5 hivi, rezista na kapasita chache, na mita 25 za kebo ya antena ya televisheni.

Hatua ya 1: Zilinganishe probu zako

Ziweke probu zote mbili juu ya nukta moja, utume wimbi mraba, uvute kipimo cha muda hadi ukingo wa wimbi uonekane wazi. Mistari miwili ikiwa imepishana, andika ni nanosekunde ngapi, kwa maana tofauti hiyo ni ya vifaa vyako, na usipoiondoa katika hesabu utaitupia amplifaya lawama isiyoistahili. Tumia probu za aina moja na urefu mmoja.

Hatua ya 2: Tazama saketi inayohamisha fezi bila kungoja

Unganisha rezista ya kiloomu 1 na kapasita ya nanofaradi 10, kapasita ikishuka hadi ardhini. Zao la thamani hizo mbili ni maikrosekunde 10, na masafa ya mpaka wa saketi hiyo, pale wimbi linapoanza kupungua waziwazi, ni takribani kilohezi 15.9. Weka chaneli ya kwanza pale ishara inapoingilia rezista, na chaneli ya pili juu ya kapasita.

Anza na wimbi saini. Kwenye kilohezi 1 utaona wimbi la kapasita liko nyuma kwa karibu digrii 3.6, na ukiligeuza pengo hilo kuwa muda utapata maikrosekunde 10. Panda hadi kilohezi 15.9: pengo sasa ni digrii 45, yaani sehemu moja kati ya nane ya mzunguko, na muda wake ni maikrosekunde 7.85. Panda tena hadi kilohezi 160: digrii zimekaribia 84, lakini muda umeshuka hadi maikrosekunde 1.5 hivi. Hapa ndipo ninapomwomba msomaji asimame kidogo. Saketi ni ile ile, rezista ni ile ile, hakuna waya uliofupishwa wala kurefushwa, na bado “muda wa kuchelewa” umetupa majibu matatu tofauti. Kama kungekuwa na kungoja kwa kweli ndani ya rezista na kapasita, jibu lingekuwa moja.

Sasa badilisha jenereta iwe kwenye wimbi mraba la kilohezi 5, lenye kimo cha volti 1, na ukaze macho pale ukingo unapoanzia. Mstari wa kapasita unaanza kupanda papo hapo ukingo unapoingia. Baada ya maikrosekunde 1 umefika milivolti 95, na baada ya maikrosekunde 10 umefika asilimia 63 ya safari yake. Kapasita haijawahi kukaa ikisubiri zamu. Inajaa polepole, na kujaa polepole ni tofauti na kuchelewa kuanza, kama vile mtungi uliowekwa chini ya bomba lenye maji haba unavyoanza kupokea maji tangu tone la kwanza ingawa utachukua muda kujaa.

Kijana wangu aliuliza swali zuri hapa: je, vipi zikifuatana saketi kama hizi tatu au nne? Mstari wa mwisho utaanza kwa ulalo, ukiwa umelala chini kabla ya kuinuka, na mtu akiutazama kwa kipimo kikubwa cha volti ataapa kwamba kuna muda mtupu. Vuta kipimo cha volti kiwe kidogo, mara kumi, kisha mara kumi tena, na utaona kwamba ule mwanzo unaodhaniwa mtupu una mpando mdogo ndani yake, na kadiri unavyovuta ndivyo mwanzo huo unavyosogea karibu na ukingo. Mchelewo wa kweli haufanyi hivyo, kwani hata ukivuta namna gani, hubaki mahali pake.

Hatua ya 3: Tazama mchelewo wa kweli

Chukua ile kebo ya antena ya mita 25. Ukiwa na jenereta ya omu 50, tanguliza rezista ya omu 27 mwanzoni mwa kebo, na mwishoni uweke rezista ya omu 75 hadi ardhini, vinginevyo ishara itagonga mwisho na kurudi, na vipimo vyako vitavurugika. Umeme ndani ya kebo ya aina hiyo yenye kihami cha povu husafiri kwa karibu asilimia 82 ya mwendo wa mwanga, kwa hiyo mita 25 huchukua takribani nanosekunde 100.

Wimbi mraba litaonyesha ukingo uleule, wenye umbo lilelile, ukitokea nanosekunde 100 baadaye. Kabla ya hapo, mstari wa pili umelala kabisa. Wimbi saini litakuonyesha digrii 3.6 kwenye kilohezi 100, digrii 36 kwenye megahezi 1, na digrii 180 kwenye megahezi 5. Muda haubadiliki, digrii ndizo zinazokua, na zitaendelea kukua bila kikomo kadiri masafa yanavyopanda. Linganisha na rezista na kapasita za hatua ya 2, ambazo hata ukipanda masafa kiasi gani hazivuki digrii 90. Tofauti hiyo moja ndiyo inayofanya amplifaya yenye mrejesho iwezekane kujengwa.

Hatua ya 4: Jaribu pia fezi inayotangulia na fezi iliyopinduliwa

Jaribio hili ni fupi, lakini ndilo linalowashawishi wanaobisha. Weka kapasita ya maikrofaradi 1 njiani na rezista ya kiloomu 10 hadi ardhini, kama ilivyo kwenye milango ya kuingilia ya amplifaya nyingi. Kwenye hezi 16, wimbi linalotoka litakuwa limetangulia lile linaloingia kwa digrii 45, jambo ambalo likigeuzwa kuwa muda ni karibu milisekunde 7.8. Ikiwa fezi ni muda, basi kapasita hiyo inajua mwimbaji atakachoimba kabla hajafungua kinywa. Vivyo hivyo, ukipindua waya mbili za spika, chanya ikawa hasi, umehamisha fezi kwa digrii 180 kwenye masafa yote, na hujachelewesha sauti hata kwa nanosekunde moja.

Hatua ya 5: Iwashe amplifaya kwa usalama, kisha ipime

Umeme wetu ni wa volti 240, na amplifaya inayotetema yenyewe inaweza kuua transista zake ndani ya sekunde chache. Pitisha umeme kwanza kwenye balbu ya nyuzi ya wati 60 au 100 iliyounganishwa kwa mfuatano, na badala ya spika tumia rezista kubwa ya omu 8 inayostahimili joto. Usiweke kamwe ardhi ya osiloskopu mahali ambapo hujapima kwa multimita na kujiridhisha kwamba ni ardhi ya saketi.

Jenereta ikiwa imezimwa, tazama upande wa kutokea. Amplifaya ya kanisa, ambayo masikioni ilikuwa kimya, ilionyesha wimbi nene la karibu megahezi 1.7. Sikio haliwezi kulisikia, spika haiwezi kulicheza, lakini rezista ya omu 10 inalijua vizuri. Rezista hiyo huwa imefuatanishwa na kapasita ya nanofaradi 100. Kwenye sauti ya kilohezi 1 kapasita hiyo ni kizuizi cha karibu omu 1,600, kwa hiyo hata volti 20 hazimpi rezista zaidi ya miliwati mbili. Kwenye megahezi 1.7 kizuizi cha kapasita hakifiki omu 1, na volti 5 tu zinatosha kuimwagia rezista karibu wati 2.5. Rezista ya wati 1 haina namna ya kupona. Kwa hiyo ukiikuta imeungua, usikimbilie kuweka ya wati 5. Inakuambia kwamba juu ya masafa ya kusikika kuna jambo linaloendelea.

Amplifaya ambayo haitetemi ipimwe kwa wimbi mraba la kilohezi 10, kimo cha upande wa kutokea kisizidi volti 2. Hapa kuna kosa linalofanywa na wengi: chaneli ya kwanza huwekwa kwenye tundu la kuingilia, na pengo linaloonekana huitwa kuchelewa kwa mrejesho. Kwenye tundu hilo mara nyingi pana kichujio cha rezista na kapasita, ambacho hakimo kabisa ndani ya kitanzi cha mrejesho, yaani njia ambayo ishara hupita ndani ya amplifaya na kurudi kupitia waya wa mrejesho. Weka probu kwenye besi ya transista ya kwanza, baada ya kichujio. Upande wa kutokea nao upime kabla ya koili ndogo inayoelekea kwenye spika, kwa kuwa koili hiyo ikikutana na kapasita ya mzigo hutetema yenyewe nje ya kitanzi, na mtetemo wake hauna uhusiano na afya ya mrejesho.

Ukingo ukipitiliza kimo chake kwa takribani asilimia 9, akiba ya fezi, yaani digrii zilizobaki kabla mrejesho haujageuka kuchochea mtetemo, ni karibu digrii 60. Ukipitiliza kwa asilimia 23, akiba imeshuka hadi digrii 45 hivi. Makadirio hayo yanafaa kwa amplifaya ambayo tabia yake inatawaliwa na ngazi mbili, kila moja ikiwa na masafa yake ya mpaka kama saketi ya hatua ya 2, nazo ni nyingi. Mimi nikiona mtetemo unaohesabika mara tano au sita kabla ya kutulia, sirudishi amplifaya kwa mwenyewe.

Hatua ya 6: Hesabu kitanzi, ndipo ujue mgonjwa ni nani

Mhandisi Harry Nyquist alionyesha mwaka wa 1932, miaka mitano baada ya mhandisi Harold Black kubuni amplifaya ya mrejesho hasi, kwamba kinachoamua uthabiti ni ukuzaji na fezi ya ishara inapozunguka kitanzi kizima. Kwa amplifaya za kawaida tunazozitengeneza, maana yake ni hii: mrejesho wetu ni hasi, yaani umepinduliwa tayari, zikiongezeka digrii 180 nyingine ndani ya kitanzi, unakuwa chanya, na ikiwa kwenye masafa hayo ishara inarudi ikiwa kubwa kuliko ilivyoondoka, amplifaya itatetema.

Tuchukue hesabu yenye namba nyepesi. Kapasita ya kutuliza, ile ndogo iliyo kati ya besi na kolekta ya transista ya katikati, hutoa digrii 90 karibu katika masafa yote yanayotuhusu. Tuseme transista za kutoa nguvu zina mpaka wao kwenye megahezi 1, na zile zinazozisukuma kwenye megahezi 3. Kwenye megahezi 1.73 za kwanza hutoa digrii 60 na za pili digrii 30. Jumla ni 180 kamili. Swali linalobaki ni kama kwenye masafa hayo ukuzaji wa kitanzi umeshuka chini ya 1. Kapasita ikiwa ya pikofaradi 100, na kwa nafsi yake ikiufikisha ukuzaji wa kitanzi kwenye 1 pale kilohezi 500, basi kwenye megahezi 1.73 ukuzaji wote ni 0.125 tu, na amplifaya imetulia ikiwa na akiba ya zaidi ya digrii 50. Kapasita ikiwa ya pikofaradi 10, ukuzaji huo ni mara kumi zaidi, 1.25, na hapo hakuna dua itakayoituliza.

Sasa weka waya wa mrejesho katika hesabu hiyo hiyo. Waya wa sentimita 20 huchelewesha ishara kwa nanosekunde 1 hivi. Kwenye megahezi 1.73, nanosekunde 1 ni digrii 0.6. Ili waya utoe digrii 60 zinazotolewa na transista za nguvu peke yake, ungehitaji urefu wa karibu mita 19 ndani ya sanduku la amplifaya. Kwenye kilohezi 20, ambapo kusikia kwetu kunakoma, nanosekunde ile ile haifiki hata sehemu moja ya mia ya digrii. Waya mrefu una madhara mengine, kama vile kuokota kelele na kuongeza kapasitansi kwenye nukta nyeti, na kwa sababu hiyo inafaa kuufupisha. Ila usiufupishe kwa matumaini ya kuharakisha mrejesho.

Hatua ya 7: Tafuta kilichobadilishwa

Amplifaya iliyofanya kazi miaka mingi kisha ikaanza kutetema baada ya matengenezo huwa imebadilishwa kitu. Kagua kwanza transista za nguvu. Sokoni mwetu kuna transista zenye maandishi ya 2SC5200 ambazo ndani si hizo, na transista ya pole husogeza mpaka wake chini na kula akiba ya fezi. Kagua pia rezista mbili zinazopanga ukuzaji: aliyepunguza ukuzaji wa amplifaya nzima kutoka mara 30 hadi mara 15 ameongeza maradufu ukuzaji wa kitanzi, na kuusogeza karibu na hatari. Chipu ya LM3886, kwa mfano, imetengenezwa iwe thabiti kwenye ukuzaji wa mara 10 au zaidi, na chini ya hapo huna haki ya kuidai utulivu.

Halafu shika lenzi na usome kapasita ya kutuliza. Katika amplifaya ya kanisa tuliikuta mpya, kidonge kidogo cha rangi ya udongo, kimeandikwa 100. Mchoro wa saketi ulitaka pikofaradi 100. Aliyeibadilisha alisoma namba kama ilivyo, na ni kosa jepesi kulifanya, ila kwenye kapasita za kauri tarakimu ya tatu ni idadi ya sufuri: 100 ni kumi bila sufuri ya kuongeza, yaani pikofaradi 10, na pikofaradi 100 huandikwa 101. Tuliweka yenye 101. Wimbi nene likatoweka kwenye kioo cha osiloskopu, na baada ya nusu saa bati la kupozea lilikuwa la uvuguvugu tu.

Hatua ya 8: Usiihamishie amplifaya kanuni za ukumbi

Kuna mahali ambapo mchelewo wa kweli ndio bwana, napo ni pale spika inapolia kwa sababu kipaza sauti kimeisikia. Sauti hewani husafiri takribani mita 343 kwa sekunde penye joto la nyuzi 20, na mwinuko wa Nairobi haubadilishi jambo hilo, kwani kinachobadilisha mwendo wa sauti hewani hasa ni joto. Kipaza sauti kilicho mita 3.43 kutoka kwenye spika kina mchelewo wa milisekunde 10, na kitanzi hicho kinaweza kulia kwenye sauti nyingi zilizopishana kwa hezi 100. Ndiyo maana mhubiri akisogea hatua moja, mlio hubadilika. Hapo hakuna kapasita ya kutuliza itakayosaidia. Punguza ukuzaji, sogeza spika mbele ya mzungumzaji, kata masafa yanayolia.

Vilevile, usithubutu kuweka kifaa cha kidijitali ndani ya kitanzi cha mrejesho wa amplifaya. Kifaa chenye mchelewo wa milisekunde 1 kina digrii 180 tayari kwenye hezi 500, katikati kabisa ya sauti ya mtu anayezungumza. Kiweke kabla ya amplifaya, ambako kuchelewa kwake hakuna kitanzi cha kukiharibu.

Hatua ya 9: Ithibitishe kabla haijaondoka

Ondoa balbu, rudia wimbi mraba la kilohezi 10 ukiwa na rezista ya omu 8, kisha ongeza kapasita ya nanofaradi 100 sambamba nayo, halafu maikrofaradi 1, kila mara ukitazama kabla ya koili. Mwisho izime jenereta, iache amplifaya imewashwa kwa saa moja, na uiguse rezista ya omu 10 baada ya kuchomoa umeme na kuziacha kapasita kubwa zimwage chaji. Inapaswa kuwa baridi kama bodi iliyoizunguka.